Hadithi Iliyokatwa na Kengele

Shuleni kwetu dawati halikai tupu. Dawati la watoto wawili linabeba wanne, na anayechelewa anakaa sakafuni juu ya kipande cha gunia, anaandikia magotini. Watoto wanagombania dawati kwa viwiko na machozi, na mimi kila asubuhi ndiye hakimu. Kwa hiyo nilipoingia darasa la tatu siku ile nikakuta dawati la nyuma kabisa halina mtu, na watoto wamerundikana sakafuni mbele ya ubao kama vifaranga, nilijua kuna jambo. Nikawaambia waliokaa chini wahamie kule nyuma. Hakuna aliyenyanyuka. Nikarudia kwa ile sauti yangu ambayo mwalimu mkuu husema inasikika mpaka Korogwe. Wakainamisha vichwa.

"Pana watu, mwalimu," mmoja akasema.

Jambo hili lilianza kwa nia njema. Mtaala mpya ulitutaka tuingize maarifa ya jamii darasani, na tuliitwa semina Handeni mjini tukafundishwa namna ya kufanya. Tulikula wali kuku, tukaambiwa mwalimu asijifanye ndiye kisima pekee. Wazee waalikwe, watoto wajifunze mimea ya kwao, ufinyanzi wa kwao, hadithi za kwao. Wenzangu wengi waliandika, wakafunga madaftari, wakawahi usafiri. Mimi jambo lile lilinishika, na sababu naijua.

Mimi ni mtoto wa Ngombezi, nimezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Babu aliletwa kutoka Kigoma kama manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mama alifanya kazi korona, kwenye mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, na kila jioni alirudi nyumbani na ile harufu chachu ya majani mabichi, pamoja na mkwaruzo kooni ambao haukumtoka mpaka anazikwa. Kambini tulikuwa watu wa kila kabila, kwa hiyo hadithi hazikuwa na kwao. Mama alianza ya Kiha, jirani yetu Mbena akaingilia na yake, na sisi watoto tukalala katikati. Mama alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Kiha sikujifunza. Nilipopangiwa shule hii nje ya Handeni, kwa Wazigua ambao kila kichuguu wanajua kinaitwaje na nani alichimba dawa pale, niliwaonea wanafunzi wangu wivu. Nasema wazi, wivu.

Msimulizi niliyemtaka alikuwa bibi wa msichana mmoja wa darasa la tatu. Alimlea mjukuu huyo peke yake, maana mama wa mtoto, ambaye ni binti yake, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani wakati mtoto yuko darasa la awali, na simu yake ilikuwa imenyamaza kwa muda mrefu. Kijijini walilisema hilo kwa sauti ya chini. Mtoto mwenyewe hakulisema kabisa. Alikuwa mpole kupita kiasi, wa wale wanaonyang'anywa penseli na kushukuru.

Nilimkuta bibi uani anapepeta ufuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini, mjukuu wangu kapiga mtu?"

"Angepiga ningefurahi," nikamwambia, na akacheka. Kisha nikamweleza shida yangu. Aliendelea kutabasamu mpaka nilipotaja saa nne asubuhi.

"Mchana?" akauliza.

"Mchana, bibi. Baada ya uji."

"Hadithi haisimuliwi mchana."

Nikamwambia hata sisi Ngombezi tuliambiwa hivyo, kwamba anayesimulia hadithi mchana anaota mkia. Sasa hakucheka.

"Mkia ni wa kuwatisha watoto wanaokwepa jembe. Kwetu humu ndani tunasema hivi: hadithi ikisimuliwa juani, aliye safarini haioni tena njia ya kurudi." Akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anaosha vyombo karibu na mlango, mgongo umetugeukia, mikono imesimama ndani ya maji. "Umenielewa, mwalimu?"

Nilimwelewa. Nikainuka kuaga, nimenywea. Bibi, labda kwa kunionea huruma, akatania: "Kama unaitaka sana hadithi yangu, niletee huo usiku hapo shuleni kwako."

"Nitauleta," nikasema.

Na niliuleta. Madirisha ya darasa la tatu hayana vioo wala mbao, ni matundu tu. Niliazima maturubai kwa wanunuzi wa ufuta, watoto wakaleta magunia na mablanketi, tukapigilia misumari asubuhi nzima. Kila palipopenya mwanga mtoto mmoja alipiga kelele, na mwingine akapanda juu ya dawati kuziba kwa kitambaa. Walifurahi kama siku ya sikukuu. Mwalimu mkuu alikuja kutazama, akatikisa kichwa, akatoa ruhusa kwa masharti mawili: bibi asimulie kwa Kiswahili, na tusizidishe kipindi.

Bibi alifika na kanga zake mbili, mjukuu nyuma yake amebeba kigoda. Tulipofunga mlango alinyoosha mkono mbele ya uso wake, kimya, anaupima usiku wangu. Akaridhika.

"Sikilizeni," akasema. "Gizani hakuna kumgusa mtu, wala kumuuliza aliyekaa karibu yako wewe nani. Kila mtu humu ni msikilizaji. Nikisema 'mpo?' mnaitika 'tupo'. Na hadithi ikianza, inaisha. Haiachwi njiani. Tumeelewana, mwalimu?"

"Tumeelewana, bibi," nikajibu, kama mtu anavyomjibu mkubwa yeyote.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwaka wa jua kali. Malambo yamekauka, ng'ombe wamelala na hawainuki. Mwanamke mmoja akaweka sikio chini akasikia maji yanapita ndani ya ardhi, akachukua mtungi, akaufuata mlio ule mpaka kwenye shimo lililokuwa pana kiasi cha kupitisha mtu mmoja. Akashuka. Kule chini akakuta mji. Watu wa kule walikuwa wakarimu mno, walimpa kigoda, walimpa chakula, lakini hakuna aliyekuwa na kivuli. Bibi alisimulia taratibu, sauti yake ikitoka upande mmoja na kuhamia mwingine, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu na mlango niliacha kujua ukuta uko wapi.

"Mpo?"

"Tupo!" watoto wakaitika kwa nguvu.

Mwanamke akachota maji. Watu wa kule wakamwambia akae, kuna nafasi. Akasema ameacha watu juu.

"Mpo?"

"Tupo," wakaitika, safari hii polepole. Na nyuma ya sauti zao, kwenye kona ya mwisho ambako sikuwa nimekalisha mtu, sauti ya mtu mzima ikasema, "Nipo."

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Sisemi ilifanana. Mkwaruzo ule wa vumbi la mkonge niliulalia kifuani utoto wangu wote, siwezi kuukosea. Ningeweza kuufungua mlango, ulikuwa umbali wa mkono wangu, na sikuufungua, kwa sababu nilitaka bibi aulize tena.

Akauliza tena, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua. Watoto wakaitika, na ile sauti ikaitika. Sehemu fulani ya darasa mtoto mmoja akacheka kicheko cha furaha, cha chini chini. Mwanamke wa hadithi alikuwa sasa amefika mdomoni mwa shimo, ametoa mguu mmoja, mwingine bado uko ndani, mtungi kichwani, na nyuma yake watu wasio na vivuli wanamwita kwa jina lake. Hapo kengele ikalia.

Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na zamu ya kuigonga ilikuwa ya darasa la saba, ambao hugonga kama wanafukuza ndege shambani. Mwalimu mkuu, mtu wa ratiba, akafungua mlango akasema kipindi cha Hisabati kimeingia, ahsante sana bibi. Jua likatupiga usoni. Watoto wakafunika macho. Kona ya nyuma ilikuwa na dawati tu.

Bibi alikaa akitazama ule mlango uliofunguka. Kisha akainuka akajitanda kanga, akatoka bila kuchukua kigoda.

Kuanzia kesho yake dawati la nyuma halikukaliwa, kama nilivyokwisha kusema. Wengi walilikwepa tu. Lakini walikuwepo wachache waliokaa jirani nalo kwa hiari, na nilipowachunguza niliona wote ni watoto ambao mama zao hawapo: aliyefariki, aliyeachika akaenda Mkata, aliyekwenda Dar na hajasikika. Watoto wenye mama zao nyumbani, nilipowauliza kwa kuzungukazunguka, waliniambia siku ile walisikia sauti ya bibi tu. Mwalimu mkuu, ambaye alisimama nje ya mlango muda wote, hakusikia lolote, lakini yeye mama yake anaishi naye na kumgombeza kila siku.

Yule msichana mpole alibadilika. Alianza kuongea. Aliomba kukaa dawati la mbele ya lile tupu, akawa anainua mkono, anajibu, anageuka nyuma kuhakikisha kwamba amesikiwa. Wakati wa uji alibakiza nusu kikombe akakiweka juu ya lile dawati, na kikombe kilikaa pale mpaka jioni kikiwa vilevile, na hakuna mtoto aliyekigusa, watoto hawahawa ambao hulamba mpaka sufuria. Siku moja nilimkuta ameketi ubavuni mwa dawati lile, amelaza kichwa, nywele zake anazichezea mwenyewe kwa vidole kama mtu anayesukwa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mama ananisikiliza kusoma," akasema.

Ningepaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini jioni, watoto wakishaondoka, na mimi nilikuwa nabaki. Nilijidanganya kwamba nasahihisha. Nilikaa mbele nikiwa na rundo la madaftari, na jua likianza kuteremka, kutoka kule kona ya nyuma ilikuja harufu ya mkonge uliosagwa, chachu, mbichi. Handeni ni nchi kavu, na karibu na shule yetu hakuna hata mche mmoja wa mkonge. Ile harufu ilikuja polepole, ikakaa. Sikugeuka wala sikuita. Nilifurahi, basi, hiyo ndiyo kweli yake. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyeambiwa mama yuko jikoni.

Nilikwenda kwa bibi kumwomba arudi aimalize hadithi. Nilikwenda kwa sababu ya msichana, kwa kuwa alikuwa amekonda na nyumbani hakutaka tena kulala bila kusema "mama ananisubiri shule". Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hafanyi kazi yoyote, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake.

"Nitakuja," akasema. "Siku moja."

"Lini, bibi?"

"Wewe ulimsikia nani?"

Nikamwambia.

"Na mimi nilimsikia mama yangu," akasema. "Nimekuwa mzee kuliko alivyokufa yeye. Nilikuwa nimeisahau sauti yake, mwalimu, hata nikijaribu haiji. Sasa inakuja. Nikilala mchana kidogo, inakuja. Unadhani nina haraka?"

Hata mimi sikuwa na haraka. Nilimuuliza kama mama yake aliwahi kumwambia kinachotokea hadithi ikikatwa, akasema hapana, kwao haikuwahi kukatwa, nani alikuwa na kengele. Kisha akapunguza sauti, maana mjukuu alikuwa ndani. Alisema wale waliokuja gizani ni wa kuzimu. Kama mtoto amemsikia mama yake, basi binti yake amefia ugenini, na yeye alikuwa amekwisha kuomba asomewe dua kimyakimya. Alilia bila sauti, kwa kanga mdomoni. Tuliachana hivyo, watu wazima wawili tuliokubaliana kuliacha jambo kwa sababu tulilipenda.

Mwezi haukuandama mara ya pili kabla ya binti yake kurudi.

Alishuka stendi ya Handeni na sanduku kubwa, akapanda bodaboda, na badala ya kwenda nyumbani akaja moja kwa moja shuleni, kwa sababu alijua mtoto wake saa hizo yuko darasani. Nilikuwa nafundisha. Nilimwona mlangoni, mwanamke aliyekonda, baibui limejaa vumbi la barabara, mikono yake ina makovu ya kuungua mafuta. Alikuwa amechukuliwa simu na mwajiri, alinieleza baadaye, na pasi ya kusafiria pia, na namna alivyotoka ni simulizi yake mwenyewe. Aliniamkia haraka haraka, macho yake yanatafuta kwenye madawati. Akamwona. Akaita kwa jina la utani la nyumbani, akapiga magoti pale pale mlangoni, akafungua mikono.

Msichana alisimama kwa adabu, kama wanafunzi wanavyosimama mgeni akiingia.

"Shikamoo," akasema.

"Ni mimi, mwanangu. Ni mama."

Mtoto akamwangalia vizuri, bila hasira. Kisha akageuka kulitazama dawati la nyuma, akatabasamu kidogo, kana kwamba anaomba radhi kwa usumbufu. "Mama yangu yuko pale," akasema. "Alikwisha kurudi."

Yule mwanamke alitazama dawati tupu lenye kikombe cha uji, akanitazama mimi, na uso wake nauona mpaka leo. Alikuwa amevuka bahari kurudi kwa mtu mmoja tu.

Nilimpeleka kwa bibi kwa mguu, sanduku nimelibeba mimi. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamkanyaga kidogo mguu, anamhakikisha kwamba ni wa nyama. Alipiga kigelegele kimoja kilichokatika katikati. Mimi nilipomweleza kilichotokea darasani alikaa chini.

"Huyu yu hai," akasema. "Basi anayekaa na mjukuu wangu ni nani?"

Kesho yake asubuhi bibi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla yangu, na sijui alimwambia nini, lakini mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye dirisha na nyundo kupigilia maturubai, na akatoa amri rimu isigongwe mpaka atakaposema.

Tuliketi tena gizani. Mama wa mtoto tulimkalisha katikati ya watoto. Msichana hakutoka kwenye nafasi yake karibu na dawati la nyuma. Mimi nilisimama mlangoni, na kabla bibi hajafungua mdomo ile harufu ilikuwa imekwisha kufika, nzito kuliko siku zote.

Bibi hakuanza mwanzo. Alianza mdomoni mwa shimo, mguu mmoja nje. "Mpo?" akauliza.

"Tupo."

"Nipo," ikasema sauti ya mama yangu, karibu sana nami sasa. Haikuwa tena kona ya nyuma. Nilihisi kama nikinyoosha mkono nitagusa gauni lake la kazini.

"Mwalimu," bibi akasema gizani, "nimalize?"

Aliniuliza mimi kwa sababu alikuwa anajiuliza mwenyewe, nadhani, na hakuweza kujijibu. Watoto walisubiri. Pale katikati yao nilisikia yule mwanamke wa Uarabuni anapumua kwa shida, kama mtu anayezuia kilio ili asiwatishe watoto wa wenzake. Nilikuwa na nafasi ya kusema tungoje kidogo. Ningeweza kuomba hata swali moja tu lililobaki, "mpo?" moja tu.

"Malizia, bibi," nikasema.

Akamalizia upesi, bila madoido. Mwanamke akautoa mguu wa pili. Hakugeuka. Alifika kwao, akatua mtungi, watu wakanywa, ng'ombe wakainuka. "Hadithi imekwisha," bibi akasema. "Kila mtu aende kwao."

"Tumekwenda," watoto wakaitika, kama alivyowafundisha mlangoni.

Bibi akangoja. "Mwalimu, sijakusikia."

Nilifungua mdomo mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili nikasema, "Nimekwenda." Hakuna aliyenijibu.

Tulipong'oa maturubai jua liliingia darasani lote kwa pamoja. Yule msichana alikuwa amesimama, anapepesa macho, anatazama huku na huku kama aliyeamshwa mahali asipopafahamu. Akamwona mwanamke katikati ya madawati. Alimtazama makovu ya mikono, akatazama uso. Kisha akaja mpaka mbele yangu, akakunja mikono nyuma kama tulivyowafundisha.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani na mama."

Nikampa ruhusa. Walitoka watatu, bibi nyuma na kigoda chake, na mimi nikafuta ubao nikaandika hesabu za kugawanya. Nilifundisha kipindi chote machozi yananitiririka, na watoto wa darasa la tatu, ambao huuliza kila kitu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalia nini.